Okestra ya Ndani ya Tangi

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Voi.

Siku kubwa. Niiandike vizuri, maana watu watakuja kuuliza mambo yalianzaje.

Kazini, ofisi ya vifurushi ya kituo cha reli, nimeletewa mali iliyosahauliwa kwenye treni ya Mombasa. Mwavuli mmoja. Kiatu kimoja cha kushoto. Na sahani ya santuri! Kwenye jalada, nyumba nyeusi juu ya mwamba. Maandishi ya Kiingereza, nimeyasoma mara tatu: muziki wa filamu za kale za kutisha, uliopigwa upya na okestra kamili ya London. Watu themanini! Yaani muziki ulikuwapo, ukazeeka, watu wakakaa kitako wakaupiga tena, wakasifiwa kama wameutunga wao.

Sheria za kazi hazisemi mali ya abiria isisikilizwe. Saa ya chakula nimeipeleka kwa Musyimi, muuza redio, mwenye gramafoni. Tumesikiliza upande mmoja. Fidla zililia mpaka mteja akatoka bila betri zake. Musyimi akasema ni kelele. Mimi nilisimama tu, vinyweleo vimenisimama mwili mzima.

Mimi Zephaniah, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya kanisa, watu saba. Nikajiuliza London wana nini ambacho Voi haina. Isipokuwa watu sabini na watatu.

Jumatano, 4 Agosti.

Bahati imenifuata mpaka mlangoni. Danson yuko mjini, yule wa sinema ya gari anayezunguka Taita nzima. Filamu yake safari hii ni Bwana wa Kaburi la Tisa. Tajiri amekufa, na kila ukungu ukishuka anatoka kaburini kumtafuta mkewe. Filamu nzuri. Lakini mkanda umechakaa upande wa sauti. Muziki unasikika kama kuku anayekanyagwa. Danson ameniambia kule Mwatate maiti alipofufuka watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alikuwa karibu kulia.

Nikamwambia nitaupiga upya. Akauliza na nani. Nikasema na okestra. Akauliza okestra gani. Nikamwambia ataiona. Tumeafikiana: Jumamosi ya wiki ijayo, saa tisa alasiri, ukumbi wa mji. Muziki uwe kwenye tepu, aende nao kote. Leo Voi, kesho Taveta, keshokutwa London wenyewe waombe nakala.

Nimemweleza mke wangu, Tryphena. Akauliza kama bendi inajua kwamba imekuwa okestra. Nimemjibu watajulishwa.

Alhamisi, 5 Agosti.

Tatizo moja dogo. Tepu rekoda nzuri mji huu ni ya Musyimi. Na Musyimi hupiga kodiani. Mashine yake ikienda mahali, kodiani nayo inataka kwenda. Sitaki! Hakuna maiti aliyewahi kufufuka kwa kodiani.

Kwa hiyo nimemwambia tunarekodi wimbo wa kanisa. Wimbo wa Pasaka. Akasema Pasaka imepita. Nikamwambia ya mwaka kesho, kanisa letu linajipanga mapema. Akakubali, mradi mashine aiendeshe mwenyewe. Kisha akaanza: na kodiani je? Nikamwambia wazee wa kanisa wameikataza. Hawajaikataza. Lakini wangeulizwa nami, kwa jinsi ninavyojua kuuliza, wangeikataza.

Nimelala usingizi mzuri.

Jumamosi, 7 Agosti. Werugha.

Okestra ya saba haitoshi, nimekubali. Waongezwe waimbaji. Nimepanda milimani kwa Mwalimu Dinah, anayeongoza kwaya. Baridi! Ukungu umekaa kwenye matuta ya kabichi, huoni mkono wako. Nimemkuta akikamua. Hakuacha kukamua.

Nimemweleza habari ya wimbo wa Pasaka. Akataka maneno yake. Nikasema hauna maneno, ni sauti tu, aa na oo. Akanitazama juu ya mgongo wa ng'ombe kwa muda mrefu. Wimbo wa kanisa usio na maneno? Nikamwambia ni ile asubuhi ya kaburini, watu wana hofu, midomo imewakauka, watasemaje? Akasema hilo amelipenda. Hata mimi nililipenda. Nilikuwa nalisikia kwa mara ya kwanza.

Mchana aliwaita wanakwaya, kumi na wanne. Akawaambia maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Imbeni kama mnamwita ng'ombe aliyepotelea kwenye ukungu, na mnaogopa atakayeitika si yeye."

Wakaimba. Kofia yangu nilijikuta nimeivua.

Mama ana kipaji. Nitakapohojiwa nitasema nilimwelekeza.

Jumatano, 11 Agosti.

Tumerekodi! Na tumerekodi mahali ambapo London haiwezi kufikiria.

Nyuma ya kituo kuna tangi la zamani la maji, la chuma, limelazwa chini, kavu miaka sasa. Ukikohoa ndani yake kikohozi kinazunguka mara nne ndipo kinarudi. Nikasema ndiyo studio. Watu ishirini na mmoja wakaingia mmoja mmoja kwa kitundu cha ubavuni, mimi wa ishirini na mbili. Tuba ilikwama. Tulimvuta mwenye nayo kwa miguu. Musyimi alibaki nje kwenye kivuli na mashine yake, waya wa maikrofoni ukaingia kwetu.

Joto la humo siwezi kulieleza. Mama mmoja wa kwaya alisema sasa ameelewa kwa nini watu wa Voi wana hasira. Lakini sauti! Walipotoa ile aa ya kwanza, chuma chote kikaitikia. Matarumbeta yakaingia chini yake polepole. Ngoma kubwa ikagonga kama moyo wa mtu mkubwa aliyelala. Dakika kumi na nne bila kosa. Nimeongoza kwaya za harusi, za mazishi, za ufunguzi wa zahanati. Sijawahi kusimama katikati ya kitu kama kile.

Nje, abiria wa treni ya Taveta walisikia tangi linalia. Wengine waliacha mizigo yao. Nalihesabu hilo kuwa makofi.

Musyimi akaingiza kichwa kitunduni kuuliza hii Pasaka ni ya watu gani. Nikamwambia hizi ni beti za mwanzo, kabla ya kufufuka. Akasema anangoja kwa hamu wafufuke.

Kumaliza, nikaongeza noti moja ya juu kwa tarumbeta langu. Haikuwa kwenye mpango. Nilikuwa na furaha. Kumbe pembeni ya tangi kulikuwa na nyuki, na nyuki walikuwa wamevumilia yote isipokuwa ile.

Watu ishirini na wawili, kitundu kimoja. Sitaeleza. Nimeumwa mdomo wa juu, mara tatu. Wengine waliumwa pia, lakini si mdomoni, na si viongozi.

Ijumaa, 13 Agosti.

Mdomo umefikia pua. Tryphena amenikanda na maji ya chumvi.

Nimeandika bango kwa mkono wangu, nikalibandika ukutani mwa ukumbi. Herufi nyekundu: BWANA WA KABURI LA TISA. FILAMU YA KUTISHA. MUZIKI MPYA WA OKESTRA YA ZEPHANIAH. Herufi za jina langu ni ndefu kama kiganja. Chini nikaandika na Kwaya ya Werugha, kwa penseli, nafasi ilikuwa imeisha.

Ni bango zuri. Watu wanasimama kulisoma. Sijui kwa nini Tryphena ameniuliza kama Mwalimu Dinah anajua kusoma.

Jumamosi, 14 Agosti.

Nipumue kwanza.

Saa nane na nusu, ukumbi umejaa. Watu wa Voi, watu wa Ronge, wafanyabiashara wa soko zima. Mapazia yamefungwa, giza zuri. Kumbe Mwalimu Dinah ameshuka na kwaya yake yote. Mtu amemwambia wimbo wao wa Pasaka utapigwa mjini, wakaja na kanzu zao nyeupe kuusikiliza. Wamesimama mbele ya bango. Musyimi naye yuko hapo, Danson amemwita aje kuipiga tepu, mashine mkononi. Wananitazama.

Mwalimu Dinah hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Akasema, "Kaka Zephaniah, ungeniambia ni filamu ya maiti ningekuja. Nazipenda. Lakini umemtumia Bwana Yesu kunidanganya."

Nilitaka kujibu. Mdomo haukuruhusu herufi nyingi.

Musyimi akasema masharti yake ni rahisi. Nipande jukwaani niwaambie watu kwamba nilimdanganya yeye, na Mwalimu, na kwamba wazee hawajawahi kukataza kodiani. Nikishuka, ataiwasha tepu. Danson akanishika mkono, akasema tafadhali, Bwana Zephaniah, ni maneno matatu tu.

Nikaitazama ile halaiki. Watu mia mbili, na jina langu liko ukutani. Nikasema sitasema.

Musyimi akatoa tepu kwenye mashine, akaitia mfukoni, akakaa.

Danson akaizima sauti mbovu ya mkanda, akaanzisha filamu bila muziki. Ukungu ukashuka, kimya. Kaburi likafunguka, kimya. Mtu nyuma akapiga miayo, wengine wakacheka. Nikaona sina budi. Nikapanda jukwaani na tarumbeta langu, okestra nzima mtu mmoja, nikapuliza. Mdomo ule! Ilitoka sauti ya mbuzi aliyekwama kwenye ua. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Maiti akainuka, mzuri, wa kutisha kabisa, na watu wakampungia mkono.

Nikashusha tarumbeta. Nikasimama pale kwenye mwanga wa filamu, ukungu unatembea kwenye shati langu. Huko nyuma nilimwona Tryphena. Yeye peke yake hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko nyuki.

Nikasema. Sauti ilitoka vibaya lakini ilitoka. Niliwadanganya. Musyimi na Mwalimu. Wazee hawajakataza kitu.

Kisha kutoka nyuma, gizani, sauti moja. Mwalimu Dinah. Hakungoja tepu. Akamwita ng'ombe wake. Wa pili akaitikia, wa tatu, kumi na wanne, kanzu nyeupe zikipita taratibu katikati ya viti kuelekea mbele. Kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa panga. Bendi yangu, waliokuwa wamekaa tu na vyombo miguuni, wakaviokota. Na Musyimi, kumbe kodiani ilikuwa chini ya kiti chake muda wote, akaivuta noti moja ya chini, ndefu, haiishi, kama mlango wa kaburi unaosukumwa na mtu asiye na haraka.

Naandika kwa uchungu: ilitisha kuliko fidla zote za London.

Maiti alipogeuza uso, mwanamume mzima wa Bomeni alitoka dirishani, na dirisha lilikuwa limefungwa. Muuza nyama alimkumbatia mtu asiyemjua. Filamu ilipokwisha hakuna aliyeinuka. Kisha makofi, sijasikia makofi kama yale hata siku ya uhuru. Watu walimbeba Musyimi. Walimpa Mwalimu Dinah kiti cha mbele na soda.

Machozi yalinitoka. Ukumbi ule una vumbi.

Jumapili, 15 Agosti.

Wazee wa kanisa wameniita baada ya ibada. Nimeondolewa kuongoza bendi kwa miezi mitatu. Nitapiga ngoma kubwa. Nimewashukuru. Asiyejua muziki atadhani ni adhabu, lakini wote hufuata ngoma. Kwa hiyo bado naongoza, ila nimekaa.

Mwalimu Dinah alikuja kunipa mkono. Akasema amenisamehe, lakini nimwahidi kitu kimoja: tangu leo nikitaka kwaya yake niseme ukweli. Nikaahidi mbele ya Tryphena na mbele ya mzee mmoja. Nilimaanisha kila neno. Nilijiona mtu mpya, nyuma mpaka mbele. Danson atawachukua wote Mwatate na Taveta mwezi ujao, na Musyimi akasema nisikose kuja na ngoma.

Tumekula kuku. Tryphena alinipakulia paja bila kuombwa.

Alhamisi, 19 Agosti.

Mdomo umeshuka, najiona kijana.

Danson amepokea filamu nyingine! Nzige mmoja, mkubwa kama behewa, anakula mji wa watu mchana kweupe. Sauti ya mkanda ni nzima kabisa, muziki uko safi. Nikamwambia usafi huo ndio ubaya wake, hauna roho. Tuupige upya. Alisita. Nikamwambia okestra iko tayari.

Mchana nimepeleka barua Werugha kwa dereva wa lori la kabichi. Nimemwandikia Mwalimu Dinah kwamba tumepata nafasi ya kuimba kwenye filamu ya idara ya kilimo, kuhusu wadudu waharibifu wa mazao. Si uongo. Nzige ni mdudu, na anaharibu. Neno idara nililiweka ili barua ipendeze.

Bango nimeshalianza. Safari hii nafasi ya kwaya nimeiacha kubwa, karibu nusu ya yangu.