Santuri Arobaini za Moinaecha

Jumatatu, 1 Agosti 1983. Moroni, Magoudjou.

Santuri thelathini na moja. Bado tisa.

Nimeanza daftari hili nisipoteze hesabu. Naandika Kiswahili cha Unguja, nilikozaliwa na kusoma mpaka darasa la tatu, kabla wazee hawajarudi huku kwao. Herufi zangu si nzuri. Lakini wifi yangu Saoudat hawezi kuzisoma, na kwangu hiyo yatosha.

Mambo yenyewe ni haya. Mume wangu Elamine ni fundi redio. Wafaransa walipoondoka, mwalimu mmoja wa kizungu alimwachia gramafoni aitengeneze. Sanduku zima la mbao, spika tumboni mwake, na santuri kumi na moja juu. Hakurudi. Gramafoni ikawa ya kuwekea taa. Mpaka mwezi wa Rajabu mwaka huu, Elamine akaijaribu. Muziki wa kizungu wa zamani, ule usio na maneno, watu kikosi kizima wanakwaruza fidla pamoja. Mwanangu Moinaecha alikuwa sakafuni na kijiko chake. Akaacha kijiko. Akaliendea sanduku, akaweka shavu juu ya mbao. Akatabasamu!

Ana mwaka mmoja na miezi minane. Hajasema neno. Nikimwita hageuki. Lakini muziki anausikia! Basi pana santuri moja mahali fulani itakayomfungua ulimi. Zile kumi na moja hazikumfungua. Nikaongeza. Nikajiwekea mpaka wa arobaini, idadi ya heshima. Mzazi hukaa ndani arobaini, maiti husomewa arobaini. Na kama arobaini hazikutosha... Zitatosha.

Bacar wa Saoudat, mdogo kwa wangu kwa wiki tatu, anasema maneno kumi na mawili. Saoudat huyahesabu mbele za watu. La kumi na mbili ni jina la mbuzi wao. Mimi mbuzi nisingemhesabu.

Alhamisi, 4 Agosti.

Elamine kaniuliza haya mambo yataishia wapi. Kwake yeye, santuri zinatosha maadamu kabati bado linafungika. Kabati halifungiki tangu ya ishirini na sita. Nikamkumbusha kwamba nyumba ni yangu, mama yangu ndiye aliyenijengea, kama ilivyo kwa kila mke hapa, na kabati limo ndani ya nyumba. Kasema sawa, lakini mashati ni yake, nayo yako sakafuni. Kweli. Nikayahamishia chini ya kitanda.

Kifaransa cha kwenye majalada kinanishinda, kwa hiyo santuri nazipa majina kwa picha. Mzee wa Nywele. Farasi Wawili. Bibi Aliyekasirika. Anayoipenda Moinaecha ni Fidla ya Babu: fidla moja kubwa, mtu kaikumbatia baina ya magoti, nayo inanguruma kama mtu anayesoma dua kifuani. Ikipigwa hiyo, analilalia sanduku mwili mzima.

Mpango mpya! Jirani yetu Ibouroi ni mpishi wa kapteni mmoja katika wale askari wa kizungu, waliokuja mwaka wa sabini na nane na mpaka leo hawajaaga. Kapteni ana ukuta mzima wa santuri. Ibouroi anasema zikikwaruzika anazitupa. Anasema pia kapteni anakula vya mikebe na kununa. Basi mimi nitapeleka mataba, kisamvu cha kutwanga na tui zito, na Ibouroi ataniletea za kutupwa. Kapteni atashiba, mimi nitafika arobaini. Hakuna wa kudhurika.

Jumamosi, 6 Agosti.

Tatu! Jumla thelathini na nne. Mataba yamependwa, anasema Ibouroi, na sufuria imerudi imekombwa mpaka inang'aa.

Alasiri harusini, nyumba ya tatu. Ngoma zilipoanza Moinaecha kalala kifudifudi juu ya jamvi, kacheka peke yake. Wanawake wakacheka naye. Nilijiona malkia.

Ndipo Saoudat akaja nyuma ya mtoto na kumwita. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu kwa sauti ya kuitia watu wa ng'ambo. Moinaecha anachezea ukili wa jamvi. Wanawake wakageuka wote. Nikasema mwanangu ana maringo, haitiki kwa mtu asiyemletea zawadi. Wakacheka, alhamdulillahi. Saoudat kasema basi atakuwa na maringo mengi, maana hata kwa mama yake haitiki.

Nimerudi nyumbani nikafua nepi. Zilikuwa safi.

Jumanne, 9 Agosti.

Sijui nianzie wapi.

Jana Ibouroi alileta nne. Thelathini na nane! Leo saa tisa mchana ikaja gari ya jeshi. Ikasimama mlangoni kwetu. Kapteni mwenyewe, na nyuma Ibouroi kainamisha kichwa. Mlango haukugongwa, ulisukumwa. Mimi nimesimama na mchi mkononi kama mwizi wa michi. Saoudat, dirishani kwake ng'ambo ya uchochoro, kwa mara ya kwanza maishani alifunga dirisha.

Kumbe santuri hazikuwa za kutupwa! Ibouroi alizichomoa ukutani. Na mataba kapteni hakuwahi kuyaonja. Ibouroi aliyala yeye.

Fidla ya Babu ilikuwa inalia, Moinaecha kalilalia sanduku. Kapteni kapiga kelele. Kapiga mlango wa kabati kwa kiganja mpaka bawaba moja ikatoka. Kuku wa jirani waliruka. Mimi niliruka. Mtoto hakupepesa! Kapteni akashusha mkono. Akamtazama. Akainama nyuma yake, akaalisha vidole, ta! ta!, kwenye sikio la kulia, kisha la kushoto. Akamwambia Elamine maneno machache ya Kifaransa. Akazihesabu santuri zake saba, akazitia kwapani, akaondoka.

Nikamwuliza Elamine kasemaje. Akanijibu: kasema mtoto mzuri.

Shujaa wangu! Jeshi zima halikumtisha.

Thelathini na moja tena.

Alhamisi, 11 Agosti.

Ibouroi kafukuzwa. Kaja kunipa pole, na mimi nikampa yeye. Anasema wengine kwa kosa dogo zaidi hawakurudi nyumbani siku ileile, kwa hiyo anamshukuru Mungu. Nilimwambia yote kwa sababu yangu. Kasema hapana, kwa sababu ya tui. Nimempelekea mataba. Nililia kidogo nikitwanga, na si kwa vitunguu.

Elamine amekuwa mpole ajabu. Mashati yake yaliyofuliwa kayasukuma mwenyewe chini ya kitanda. Leo kaniambia shangazi yake Moinaidi, kule Mutsamudu, kisiwa cha pili, mtaa wa Hombo, ana sanduku zima la santuri. Liliachwa na mfanyabiashara. Twende sote watatu, tukalitazame.

Sanduku zima! Nimefunga mizigo kabla hajamaliza kusema. Nimechukua na gunia tupu la mchele.

Jumapili, 14 Agosti. Mutsamudu.

Nimetapika melini njia nzima. Moinaecha kalala usingizi mtamu, shavu juu ya chuma, pale chini mashine inaponguruma. Baharia kasema hajapata kuona mtoto anayelala pale, kelele za hapo huwatoa watu wazima machozi. Nikamwambia huyu ni mtoto wa muziki.

Bandarini wachukuzi wameliona gunia langu tupu. Mmoja kauliza kwa lahaja yao, bibi kwao ni bweni, "Bweni, umekuja kununua au kuiba?" Wakacheka mpaka mzigo ukawaponyoka.

Shangazi Moinaidi katupokea kwa mikono miwili. Nikamwuliza lile sanduku liko wapi. Kauliza sanduku gani. Yeye ana santuri moja tu, na ameifanya kifuniko cha mtungi wa maji.

Elamine akatazama viatu vyake.

Namjua anapotazama viatu. Nikaenda kumsaidia shangazi jikoni.

Jumatatu, 15 Agosti.

Asubuhi Elamine kasema twende hospitali kumtazama mgonjwa. Mgonjwa alikuwa wetu.

Daktari ni mtu wa hukuhuku, mpole, miwani kaifunga kwa uzi. Kaniambia nimpakate mtoto na nisitikisike. Kasimama nyuma yake, kagonga kijiko kwenye bakuli la chuma. Mimi nikashtuka. Elamine akashtuka. Kagonga tena, kwa nguvu. Moinaecha alikuwa anachezea kifungo cha nguo yangu.

Kasema hasikii. Kasema huenda hajasikia tangu kuzaliwa.

Nikamwambia anasikia muziki, tena ule mgumu. Hakunicheka. Kashika mkono wangu, kaulaza juu ya meza. Kaenda upande wa pili, kagonga ubao kwa ngumi. Kaniuliza, pale kiganjani nimepata nini. Nilipata yote.

Elamine akasema kapteni naye alimwambia hivyohivyo. Mtoto huyu ni kiziwi, ndiyo yale maneno machache. Siku sita kakaa nayo peke yake. Nilitaka kumkasirikia. Lakini mimi nimekaa nayo tangu Rajabu.

Humu sikuandika. Siku tatu kabla gramafoni haijalia, nilichukua sufuria nikaipiga kwa mwiko nyuma ya kichwa cha mwanangu. Mara saba. Kisha nikairudisha jikoni nikapikia wali. Siku ya tatu gramafoni ikalia, akatabasamu, nikaamua sufuria ndiyo mbovu.

Daktari kasema watoto kama huyu wanakua na wanajua mambo. Kasema nizungumze naye kwa mikono na kwa uso, kila siku, hata nikijiona mjinga. Mwanzo atanitazama tu. Siku moja atajibu.

Nikamwuliza, basi santuri ngapi.

Daktari akamtazama Elamine. Elamine akatazama viatu.

Jumanne, 16 Agosti.

Shangazi Moinaidi ameuza maandazi bandarini miaka thelathini. Kawauzia mabaharia wa kila lugha na hajui lugha ya hata mmoja. Asubuhi kachuchumaa mbele ya Moinaecha, kapeleka vidole mdomoni, kaonyesha andazi. Mara ya tatu Moinaecha kapeleka vidole vyake mdomoni. Kapewa andazi. Akapeleka tena! Maandazi manne.

Nimeona wivu. Mimi nina santuri thelathini na moja na yeye ana vidole vitano.

Tulipokuwa tunaaga shangazi kaondoa kifuniko cha mtungi, kakifuta kwa kanga, kanipa. Kasema asije akasikia niliondoka na gunia tupu. Imepinda kwa jua kama ungo. Nimembusu mkono.

Jumamosi, 20 Agosti. Moroni.

Nilirudi na nia moja: basi. Zimetosha. Asubuhi nikatoa santuri zote kabatini nizigawe. Elamine kapigilia bawaba, katia mashati yake ndani, kabati likafunga. Tukasimama tukalitazama kama watu waliopata mgeni.

Nikasema kabla ya kugawa niisikie mara moja ile ya shangazi. Kwa adabu tu. Sindano ikapanda ikashuka, ikapanda ikashuka, kama ile meli. Fidla zinalia kama mbuzi mgonjwa. Saoudat kapaza sauti kutoka dirishani, "Wifi, mnachinja nini humo?"

Moinaecha kaweka viganja viwili juu ya sanduku. Nikainua sindano. Akanitazama. Si sanduku, mimi, usoni. Akapiga ubao kwa kiganja mara mbili. Sikuelewa. Akapiga tena mara mbili. Nikarudisha sindano. Akacheka kwa sauti mpaka akakaa chini.

Nikainua tena. Mara mbili. Nikarudisha.

Kisha nikajaribu mimi. Nikapiga ubao mara mbili na kumtazama. Akafikiri. Akanishika kidole, akakipeleka kwenye mkono wa sindano. Nikamwonyesha kwa mkono: wewe. Akajigusa kifua, akacheka. Hivyo mpaka adhana ya alasiri. Yeye anapiga, mimi napiga. Chai ilipoa. Nepi sikufua hata moja.

Nikageuka, Elamine kasimama mlangoni na koleo mkononi. Sijui tangu saa ngapi. Kasema kwa sauti isiyo yake, "Nouriat. Amezungumza nawe."

Nikamwambia nimesikia, mimi si kiziwi. Na alichosema kiko wazi: ongeza! Thelathini na mbili hazitoshi. Nani aliniambia arobaini? Ubahili tu. Sasa kwa kuwa anaziomba mwenyewe, nimwekee mpaka?

Elamine kafungua kabati, katoa mashati yake, kayarudisha chini ya kitanda. Alikuwa anafuta macho.

Ibouroi kapata kazi. Anampikia askari mwingine wa kizungu, na huyu naye ana ukuta. Anaapa kwamba huyu kweli anazitupa. Nimeshatwanga kisamvu. Safari hii natia sufuria mbili, moja ya Ibouroi.

Mpaka mpya: sitini.

Bacar wa Saoudat ana neno jipya, kajifunza leo kwa mama yake alipokuwa dirishani akitupigia kelele. "Basi." Siku nzima anasema basi, basi. Masikini. Neno gani hilo la kumfundisha mtoto!