Kuzinduliwa kwa Filamu ya Nkambo Amekufa Tena

Hii ni hotuba ya Mwenyekiti wa Kamati ya Muda ya Kudumu ya Sinema ya Familia, iliyotolewa Likasi, jua likizama, kwenye uwanja wa shule, mbele ya ukuta uliotundikwa shuka nyeupe. Yaliyo katika mabano ni yangu mimi niliyekaa mstari wa tatu, kiti kikinibana, nikiwa sina haraka ya kwenda popote.

Mheshimiwa Mwakilishi wa Chama, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo, wakubwa wa Shirika la mgodi, mliotuma udhuru, Baba Paroko, uliyemtuma katekista, katekista, uliyetumwa, wazee wa mitaa, walimu, na wanaowakagua walimu, wanakwaya wa Mulungwishi, mliofika juu ya lori la mahindi, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, mliokwisha kuoga, wafanyakazi wa zamu ya usiku, mliotakiwa sasa hivi kuwa kazini, akina mama, watoto mliokaa chini, watoto mliokaa juu ya ukuta, ambao nawaomba mshuke, citoyens na citoyennes, wananchi nyote kwa vyeo vyenu na kwa kukosa vyeo kwenu: kabla sijaanza kusema, ningependa kusema.

(Makofi. Watoto wa ukutani hawashuki.)

Leo ni siku kubwa. Naisema siku hii kuwa kubwa nikiwa na mamlaka ya kuisema hivyo, kwa maana Kamati ninayoiongoza ndiyo iliyoichagua, ikaiahirisha, ikaichagua tena, ikaiahirisha kwa sababu za kiufundi, na hatimaye, kwa moyo wa uzalendo ambao sitaki kuusifu kwa kuwa ni wangu, ikaileta siku yenyewe hapa mbele yenu. Wako wanaouliza, huko sokoni na kwenye foleni ya maji, Mwenyekiti anafanya nini? Nawajibu: Mwenyekiti anafanya projet, yaani mradi. Na projet, wananchi, si jambo la kukurupuka. Projet ina awamu, awamu ina hatua, hatua ina mkutano, na mkutano una chakula cha mchana.

(Kicheko. Mwenyekiti anadhani ni cha kumuunga mkono, ananyoosha kola ya abacost yake, ile suti ya viongozi isiyovaliwa tai.)

Turudi kwenye chimbuko. Katika mji huu yuko mwalimu wa mwaka wa tatu, citoyenne aliyeitwa Élise. Nasema aliyeitwa kwa sababu majina ya ubatizo tumeyaacha, na jina lake jipya bado hajaniletea. Citoyenne huyu aliandika vitabu vidogo vya watoto, akavichapa kwa mashine ya shule, na watoto wakavisoma mpaka kurasa zikalainika. Ndani yake yumo Nkambo, yaani bibi, kama tunavyowaita wazee wetu hapa. Huyo Nkambo ana tabia moja: unga ukiisha nyumbani, anakufa.

(Kicheko kikubwa. Watoto wanapiga kelele: "Nkambo alisha kufa tena.")

Kimya. Ninyi mnajua utaratibu. Mtu wa familia ya mfanyakazi akifa, Shirika linaleta lori, na ndani ya lori mna sanduku la maiti, mna mfuko wa unga, mna samaki wakavu wa kulisha waliokuja kwenye kilio. Basi katika vitabu hivyo Nkambo analala, anapakwa chokaa ya Kakontwe usoni apate kupauka, jamaa wanalia, lori linafika, linashusha, linaondoka. Vumbi likitulia, Nkambo anainuka ndani ya sanduku, anatazama sufuria ya ugali, anasema, "Bukari naiona. Mboga iko wapi?" Kitabu cha pili, sanduku limekuwa kabati la vyombo. Cha tatu, watoto wanalala kwenye masanduku mawili, mmoja akilalamika kwamba la mwenzake lina mto. Cha nne, lori linakataa kuondoka kabla ya mazishi, na Nkambo anapelekwa mpaka makaburini akiwa ndani, anamgombeza dereva njia nzima kwa kupita kwenye mashimo.

Hapa mimi binafsi, usiku sikulala. Nilijiuliza: hadithi ya utapeli, kifo, na mboga, je, inafaa kwa familia? Nikajijibu: inafaa, endapo itasimamiwa na Kamati. Tafiti zetu zilionyesha kwamba asilimia tisini na saba ya watoto waliosoma vitabu hivi walicheka, na asilimia tatu iliyobaki ilikuwa bado inacheka tulipowauliza.

(Makofi. Mama mmoja nyuma: "Filme njo tunangoyaka." Maana yake ni filamu tunayoingoja.)

Inakuja, mama. Kitu kinachongojwa kimekwisha kuanza.

Basi Kamati ikaketi, ikatoa kamera. Kamera ile mliiona wenyewe: nyeusi, ina miguu mitatu, ina mkono wa kuzungusha, na ina kifuniko cha ngozi ambacho nilikitunza nyumbani kwangu kisiibiwe. Mwendesha kamera akawa Casimir, fundi saa. Tukatafuta Nkambo. Tuliwapima bibi wengi, na wote walikuwa na kasoro hii: ukiwaambia walale kwenye sanduku, wanakimbia. Mmoja tu alikubali, naye ni mama mzazi wa mwandishi, citoyenne aliyeitwa Georgette. Alitoka Kasai akiwa msichana, akimfuata mume aliyeandikwa kazi ya mgodi. Alilipiga sanduku kwa kiganja, akauliza kama mbao ni nzuri, akavua viatu, akaingia.

(Watu wanacheka taratibu, kama wanaomtazama. Élise, aliyekaa mstari wa mbele, anashika magoti yake.)

Na hapo, wananchi, tulipata mafanikio ambayo hata Ulaya hawajayapata. Tulipowaambia akina mama walie, walilia mpaka jirani wa jirani wakasikia. Ninyi hamkuuliza. Mlifanya kama mnavyofanya siku zote mlangoni penye kilio: mlikuja na makaa, mlikuja na viti, mlikuja na maji kichwani, mkaketi chini, mkalia. Citoyenne aliyeitwa Philomène, jirani wa ukuta mmoja, alijigaragaza na kumlaumu marehemu kwa kuondoka na siri ya achari yake ya pilipili. Kisha Georgette akainuka, uso mweupe kwa chokaa, akauliza mboga iko wapi, na Philomène akakimbia mpaka karibu na njia ya Kamatanda. Casimir akazungusha mkono wa kamera. Tulirudia jambo hilo kwa majuma, na kila mara mlikuja, na lori la Shirika likaja, na kila mara akainuka.

(Kicheko kirefu. Philomène anafunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Élise anasimama. Anauliza kwa adabu kabisa: "Citoyen Président, mama yangu atamonekana saa gani?")

Maswali ni mwishoni, citoyenne. Hotuba ina mpangilio wake. Ukae.

(Élise anakaa. Mimi najua anachongoja. Mama yule hakuwahi kupigwa picha hata moja, alisema picha inazeesha.)

Sasa naingia sura ya huzuni, ambayo nayo ni sehemu ya takwimu. Kama mnavyofahamu, mwisho wa kiangazi, kabla Kamati haijatangaza mwisho wa kazi, citoyenne aliyeitwa Georgette alifariki. Safari hii alifariki moja kwa moja, bila maelekezo. Mwandishi alitoka mlangoni akalia. Na ninyi, wananchi, mlioelimika sasa katika sinema, mlifanya nini? Mlicheka. Mlileta watoto waone. Mliuliza Casimir yuko wapi na kamera. Dereva wa lori la Shirika alisema ameshapitishwa mtaa huo bure mara nyingi, akageuza. Mlikaa mpaka jioni mkingoja ainuke, na alipokuwa hainuki mkasema leo anachelewesha kusudi, mkaenda kupika.

(Hakuna anayecheka. Mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka siku ile.)

Lakini Kamati haikuwaacha wafiwa. Kamati ilitoa sanduku. Ndilo lile lile la filamu, lenye mikwaruzo ya viatu kidogo, na nathubutu kutamka bila majivuno kwamba hii ni filamu ya kwanza katika nchi yetu ambayo vifaa vyake vimetumika asilimia mia. Alizikwa asubuhi, na waliokuwepo walikuwa binti yake, katekista, na mimi kwa niaba ya serikali nzima. Sikukaa sana, nilikuwa na mkutano.

Shuka hii mnayoiona ukutani nayo ni mchango wa familia. Kamati ilipokosa kitambaa kipana cha kuonyeshea, citoyenne Élise alileta shuka ya kitanda cha marehemu, akaifua, akaipiga pasi. Hakudai chochote. Alisema tu kwamba mama yake akainukie hapo.

(Hata watoto wa ukutani wameshuka.)

Nakaribia kilele, ambacho ni shukrani.

Namshukuru Kiongozi wa Taifa kwa kuwapo. Naishukuru kwaya. Nawashukuru wazazi, wahusika, mbuzi wa kitabu cha tano, na wote waliosimama juani bila kofia. Najishukuru kwa kiasi. Namshukuru kwa namna ya pekee Casimir, ambaye kwa majuma yote yale alizungusha mkono wa kamera kwa nidhamu, kwa ustadi, mpaka kiganja kikaota malengelenge, huku akijua fika, kwa sababu nilimwagiza asiseme, kwamba ndani ya kamera hamkuwa na kitu. Pellicule, ule utepe unaoshika picha, haukuwahi kufika. Mimi mwenyewe nilikwenda Ulaya kwa misheni ya kikazi kuutafuta, nikakaa mpaka theluji ikaanguka, na nawahakikishia niliuona, dirishani, katika duka lililokuwa limefungwa. Niliporudi, Kamati iliona ni busara kuendelea bila utepe, ili wahusika wazoee, na utepe utakapofika usiharibike kwa makosa. Hivyo basi filamu ipo kwa asilimia zote isipokuwa ile ya kuonekana. Naomba sasa mwitazame shuka, kila mmoja akumbuke kwa wakati wake, na nawatakia burudani njema.

(Hakuna makofi. Casimir ameinamisha kichwa, anatazama viganja vyake. Élise amesimama tena, na safari hii anakwenda mbele.)

Citoyenne, nilisema maswali mwishoni.

("Njo mwisho," anasema Élise. "Minye sikukuya juu ya filme, citoyen Président. Nilikuya kumona mama anaamuka. Mara moja tu, kiisha ningerudia nyumba." Sauti yake haipandi. "Mulimulilia siku zote zenye hakukufa. Siku yenye alikufa, hamukulia. Drap ni yake. Naikamata." Anachomoa msumari wa kwanza wa shuka.)

Usitoe, citoyenne, hicho sasa ni kifaa cha Kamati, hotuba haijafungwa. Weye, Casimir, mushike mukono. Casimir. Naongea na nani hapa?

(Casimir anakwenda, lakini anachomoa msumari wa pili, ule wa juu ambao Élise haufikii. Shuka inaanguka mabegani mwa Élise. Nyuma yake ukuta ni mtupu. Hapo Philomène anasimama, kitenge kimemdondoka, na kwa sauti ya marehemu kabisa, ile ya kugomba, anasema, "Bukari naiona. Mboga iko wapi?" Watu wanacheka, wote, hata Élise. Katikati ya kicheko Philomène anavunjika, anaketi chini kwenye vumbi, na analia. Halafu mama wa pembeni yake. Halafu uwanja mzima.)

Vizuri. Vizuri sana. Haya ndiyo tuliyoyakusudia. Karani, andika: wananchi wamelia. Andika kwamba Kamati imevuka lengo, na filamu imeingia mioyoni bila gharama ya utepe. Nitaomba awamu ya pili.

(Élise anaondoka na shuka, njia ya nyumbani kwake, na watu wanamfuata. Mtu anakumbuka kwamba pale kwake hapana pa kukaa watu wote hawa, anainua kiti chake kichwani. Wengine nao wanainua. Wanakwaya wanabeba benchi mbili huku wakiimba wimbo wa maziko. Katekista anabeba kiti cha Mwakilishi wa Chama. Nami nanyanyua changu, halafu, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa mtupu, nachukua na cha Mwenyekiti.)

Naona mnaelekea kwenye viburudisho, ambavyo havikuandaliwa. Sitawachelewesha. Tuitikiane mara moja kisha tufunge. Nikisema sinema, mwitikie, "Juu!" Sinema!

(Juu ya barabara kilio kinasikika. Makaa yamekwisha kuwashwa.)

Sinema!