Alama za Kipara Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi
Kibanda cha getini kapewa Kipara! Kinyozi asiye na unywele hata mmoja! Mimi nabaki huku kando ya vyoo vya soko, wateja wananyolewa wameziba pua. Mke wangu, msusi, ninayegawana naye kibanda, kasema Ijumaa anahamishia kazi yake kwa Kipara, nikibaki shauri yangu. Thubutu! Sheria ipo: mwananchi ana haki ya kupata taarifa za umma. Nitawaumbua wanakamati waliogawa vibanda.

Jumanne, 4 Machi
Ofisi ya soko. Nimemwambia dada afisa habari nataka alama za wote tulioomba kibanda. Akasema ni haki yangu. Nikaongeza namba ya simu ya mwenyekiti wa kamati, na ugonjwa uliomlaza Kipara mwaka jana. Akasema hayo ni ya faragha, hayatoki. Haki gani hii ya kupimiwa kwa kijiko? Akanionya kwamba jibu hubandikwa ubaoni, kila mtu asome. Nikamwomba herufi kubwa.

Alhamisi, 6 Machi
Limebandikwa! Nikaita wauza mboga, mafundi viatu, hata mama mkwe nikamshika mkono mpaka mbele. Akasoma kwa sauti. Kipara wa kwanza. Mimi wa mwisho. Usafi: sifuri. Eti wakaguzi walikuta kuku kwenye beseni la taulo. Uonevu mtupu! Kuku alikuwa anataga, angekwenda wapi? Mama mkwe kacheka mpaka kashika ukuta. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ijumaa, 7 Machi
Mke kahama. Kabeba kiti, redio na kioo. Nikamsihi aniachie kioo angalau. Kanijibu nipeleke ombi kwa afisa habari. Kibanda kimya. Roho inaniuma, sifichi. Nimebaki na kuku.

Jumatatu, 10 Machi
Nimerudi ofisini. Nimeomba majina ya waliocheka, na idadi ya wateja wa mke wangu. Dada kakataa. Ofisi haiandiki vicheko, na ya mke nikamwulize mke. Kwa huruma kanidokeza kwamba kibanda cha ubavuni mwa Kipara kitakuwa wazi mwezi ujao. Nimtoe kuku, nifue taulo, nitakipata, nitakuwa karibu na mama watoto.

Nifue taulo! Muda huo nautoa wapi? Nimekata rufaa. Nataka kujua nani aliwaambia wakaguzi habari za kuku wangu. Na jibu libandikwe ubaoni, herufi kubwa kuliko zile.