Jicho la Mzee Salim na Kompyuta ya Bi Zuhura

Jamaa zangu wa Muyeye, leo nimechapwa na aibu mchana kweupe, na fimbo nilikata mwenyewe.

Mnajua nilivyo. Nimekaa Tanga, nimekaa Lamu, nimekaa Mombasa, na kila nikifika mahali nakumbuka nilikotoka. Sasa nimepita arobaini, nataka kutulia. Bi Zuhura, mwenye nyumba ya wageni hapa mjini, alikuwa na kazi ya kumtuliza mtu: kuandikisha wageni kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe aliachiwa na Mtaliano aliyerudi kwao, lakini kumbukumbu yake ilikuwa ndogo. Ukiipa ile programu ya wageni, inagoma. Nikamwambia dawa yake naijua. (Mombasa nilikaa jirani na fundi. Jirani tu.) Tukapatana: kumbukumbu ikitimia, kazi ni yangu.

Leo asubuhi nikavichomeka vile vijipande vya kumbukumbu, vyeusi, vina miguu kama jongoo. Hakuna kilichovunjika. Ningeiwasha peke yangu, yangeishia hapo. Lakini mimi na sifa! Nikamwomba Bi Zuhura aite watu waje waone mashine ikijihesabu. Maana kompyuta hii ukiiwasha, kabla ya jambo lolote huhesabu kumbukumbu yake, tarakimu zikipanda kwenye kioo.

Bi Zuhura hakupenda. Alisema mali haihesabiwi mbele za watu, huingia kijicho. Lakini halua ilikuwa imeshakatwa. Wakaja majirani wanawake, mmoja ana mtoto mchanga, na akaja Mzee Salim wa duka la nguo la mkabala. Mzee Salim akaizunguka mashine, akaipapasa, akasema ni kitu kizuri sana. Basi. Hakusema mashallah.

Nikawasha. Tarakimu zikapanda, zikapanda, zikafika mia mbili hamsini na sita. Zikasimama. Pale pale zilipokuwa zikisimama tangu enzi za Mtaliano. Na mimi nilikuwa nimeshawatangazia watu kwamba zitafika mia sita na arobaini.

Bi Zuhura akaniuliza zile nyingine zimekwenda wapi.

"Nilikwambia, mwanangu," akasema. "Jicho hilo."

Na mimi, badala ya kusema sijui, nikamjibu, "Huenda, mama. Mitambo hii ni myepesi." (Ndiyo. Nilisema hivyo. Endeleeni kusoma.)

Macho yote yakamgeukia Mzee Salim. Akaombwa, kwa adabu, aiguse mashine aseme mashallah. Akakubali, ingawa uso ulimbadilika. Nikaomba niizime kwanza, nikainua kifuniko nionekane nina kazi. Hapo ndipo nikaziona: swichi ndogo ndogo, safu moja, kama meno ya kitana.

Moyo ukanipiga paa! Yule fundi wa Mombasa alikuwa akizigusa kila anapoongeza kumbukumbu. Mashine ya namna hii haijui yenyewe imeongezwa nini. Wewe ndiye huiambia, kwa swichi hizo. Usipoiambia, itashika hesabu ya zamani hata ukiimiminia gunia zima.

Ningesema papo hapo. Lakini nikaona upenyo wa kutoka bila kuchafuka. Nikazisukuma mbili kwa ncha ya kalamu, nikafunika, nikamkaribisha Mzee Salim. Akaweka mkono, akasema mashallah. Nikawasha. Tarakimu zikapita pale pa zamani, zikaenda mpaka mia sita na arobaini.

Nilingoja vigelegele. Badala yake, yule mama akamfunika mwanawe kwa leso na kusogea mlangoni. Bi Zuhura akaivuta sahani ya halua taratibu, mbali na mzee. Mwingine akanong'ona (kunong'ona kwa kusikika) kwamba gauni alilonunua kwake liliungua kwa pasi siku ile ile.

Mzee Salim akautazama mkono wake. "Kumbe ni kweli," akasema. "Na miaka yote hii nawauzia watu nguo za harusi."

Jamani. Nilikuwa nimeiponya kompyuta na kumzika jirani. Kazi nimeipata, na jina la mzee wa watu limekwenda.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilisahau swichi."

Hawakuamini! Wakadhani namsitiri mzee. Ikabidi nifungue, nirudishe swichi, niwashe: mia mbili hamsini na sita. Nizisukume, niwashe: mia sita na arobaini. Mzee Salim akasimama mbali, mikono nyuma, mdomo ameufunga, akaniashiria nirudie. Kisha akawaita wateja waliokuwa dukani kwake, nao waje waone, nikarudia tena. Jasho lilinitoka kama nachimba kisima.

Aliporidhika akanisogelea. "Na swichi yako wewe ya kusema kweli," akaniuliza, "nani aliyeizima?"

Watu wakacheka mpaka mtoto akaamka.

Nikaanza kukusanya vitu vyangu, mawazo yakiwa kwenye basi la Lamu. Bi Zuhura akanizuia. Kazi nimepewa, lakini kwa sharti: kesho nikashinde dukani kwa Mzee Salim, nimweleze kila mteja habari za swichi kabla hajanunua. Mkipita mkanikuta, nunueni leso zenu mwende. Msiniulize kitu.