Kombe la Pweza Kwenye Boksi la Keki

Jumatatu, 9 Desemba
Upepo wa kaskazini-magharibi siku ya tatu. Huu ndio huwatupa ufukweni pweza wa bahari kuu, majike wanaojijengea kombe jeupe, jembamba kama karatasi, la kulelea mayai. Kombe kubwa kuliko yote huwekwa ukumbi wa mtaa, na jina la aliyeliokota. Miaka mitatu mfululizo jina ni la jirani, Bwana Hirosawa. Mwaka huu hapana! Nimemwambia ufukwe wa magharibi umefungwa, mashine zinachimba. Kaamini, maskini.

Jumanne, 10 Desemba
Nimelipata! Sentimita ishirini na sita, halina hata ufa. Usajili ni Ijumaa. Nikilionyesha leo, Hirosawa atatafuta kubwa zaidi. Nimelificha kwenye boksi tupu la keki, nikalifunga upya kwa karatasi ya duka. Mke wangu Sumie sijamwambia. Mdomo wake hauna kufuli.

Jumatano, 11 Desemba
Hirosawa kaleta figili tano, nene kama paja. Eti ahsante, nimemwepusha na safari ya bure. Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Alhamisi, 12 Desemba
Balaa! Boksi halipo. Sumie kasema, baba Natsuki, mkono mtupu haulambwi, figili za watu zimelala humu bila shukrani, na keki ilikuwepo kabatini imefungwa vizuri. Kampelekea Hirosawa! Kudai zawadi iliyokwisha pokewa? Afadhali nihame mtaa. Nimekula figili kwa hasira. Tamu.

Ijumaa, 13 Desemba
Hirosawa kaja, kainama, machozi yanamtoka. Kasema jirani kama mimi hajapata kumwona, jina liandikwe langu. Nikakataa, kwa adabu. Akasihi tena. Nikakataa tena. Mtu hukataa mara mbili, ya tatu ndiyo hukubali, hilo mtoto mdogo analijua. Hakusihi mara ya tatu! Jina ukumbini ni lake. Sumie kasema dume la pweza huyu ni dogo kama harage, halafu akanitazama. Inauma.

Jumapili, 15 Desemba
Upepo umerudi. Nimeokota jingine, sentimita ishirini na nane! Litangoja mwakani. Safari hii nimetumia akili: boksi la biskuti za mchele, karatasi nzuri zaidi, na utepe mwekundu. Nani atashuku?

Hirosawa kapita jioni. Kaleta kaa wawili wakubwa. Sumie kafurahi sana.