Santuri, Shemeji na Kona ya Sebule

Jumatatu, 3 Juni

Vita vimeanza. Si mimi niliyechokoza.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kwetu mwaka jana "kwa siku mbili tatu", ameweka spika yake juu ya gramafoni yangu. Juu ya kifuniko! Spika yenyewe haizidi kopo la maziwa. Haina waya, inatii simu, na inawaka taa za rangi kana kwamba kuna harusi. Nimeishusha. Kairudisha. Nimeishusha tena, kwa heshima.

Kaniambia simu yake imebeba nyimbo nyingi kuliko rafu yangu nzima ya santuri, na hazipati vumbi. Nikamjibu kwamba nyimbo zake zimebanwa kama nguo sandukuni, zinatoka na mikunjo. Akauliza kama nimewahi kuusikia huo mkunjo. Swali la kijinga! Nimeishusha spika mara ya tatu.

Mke wangu akatoka jikoni, akakata shauri. Kona ya sebule ni moja, haitoshi vyombo viwili. Mama yake anakuja Ijumaa. Atakaa kwenye kochi, atatupa mgongo, na tutampigia wimbo uleule kwa spika na kwa gramafoni. Kitakachomkosha kitabaki kwenye kona. Kingine stoo, pamoja na ndoo zilizotoboka.

Stoo ina unyevu. Santuri zangu zitaota ukungu. Sikubali ng'o.

Jumanne, 4 Juni

Maandalizi. Nimechagua santuri ya bendi ya zamani, upande wenye tarumbeta. Nimeipangusa kwa kitambaa laini, taratibu, kama namwogesha mtoto mchanga. Kisha kifungo cha shati langu kikanasa kwenye mkono wa gramafoni.

Sindano imepinda!

Nimejaribu kupiga. Mwimbaji anakaangwa kwenye mafuta, halafu anaruka. Baada ya kazi nimekimbilia kwa fundi redio. Kaitazama sindano kwa lenzi, kaguna, kasema mpya itabidi iagizwe na haitafika wiki hii. Nikamwomba ainyooshe. Akasema sindano si msumari. Kisha akanishauri, bila aibu yoyote, kwamba nikitaka mlio safi nisikilize kwenye simu.

Nimetoka bila kumuaga. Lakini njiani nikapunguza mwendo. Kwenye simu...

Jumatano, 5 Juni

Mimi ni mtu hatari.

Nimeazima spika ndogo kwa mlinzi wa kazini. Nimeiingiza ndani ya kabati la gramafoni, nyuma ya kitambaa. Mtandaoni nimeupata wimbo wenyewe, tena uliorekodiwa kutoka kwenye santuri, mikwaruzo yote imo! Mkono wa gramafoni nimeufunga uzi mweupe, sindano inaelea juu ya santuri bila kuigusa. Santuri inazunguka, simu iliyo mfukoni mwangu inaimba kupitia spika hiyo. Nani atajua?

Nimejaribu mke wangu alipokwenda sokoni. Tarumbeta ilipoingia, machozi yakanilengalenga. Nikasema kwa sauti: hili ndilo joto la santuri, spika ya shemeji italipata wapi! Kisha nikakumbuka kinachoimba ni nini.

Nimejiuliza kama huu ni udanganyifu. Hapana. Sauti ni ya santuri, imepita tu kwenye simu. Aliyepanda kwa lifti naye amefika ghorofani.

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nilimpigia bosi kumwambia tumbo linanisokota. Mimi ni msahihishaji chapa kiwandani, na leo ilikuwa siku ya kuchapa kalenda ya mwaka ujao. Lakini kurasa nilishazisoma jana. Haraka haraka, maana akili ilikuwa kwenye uzi.

Mama mkwe kafika. Kaketi, kageuza mgongo. Shemeji kaanza. Mama akatikisa kichwa, akasema ni nzuri, safi, kama maji ya chupa.

Zamu yangu. Nikaweka santuri, nikashusha mkono kwa madaha, nikabonyeza simu mfukoni. Mikwaruzo. Tarumbeta. Mama mkwe akashika kifua.

"Hii!" akasema. "Hii ina mtu ndani!"

Shemeji kinywa wazi. Mke wangu kanitazama kwa jicho la siku za uchumba. Nimeshinda!

Ndipo gramafoni ikapigiwa simu.

Muziki ukakatika, mlio wa simu ukatoka kabatini. Nikapeleka mkono mfukoni kuikata. Kidole kikateleza. Sauti ya bosi ikajaa sebuleni.

"Vipi tumbo?"

Santuri inazunguka.

"Nakuuliza wewe! Na hii Februari umeipaje siku thelathini? Mashine imeshaanza kuchapa!"

Mama mkwe akageuka, akaikabili gramafoni.

"We gramafoni, nani mgonjwa?"

Mke wangu alifungua kabati, akaitoa spika ya mlinzi, akaiweka mezani mbele yangu. Nikamwambia bosi naendelea vizuri.

Jumamosi, 8 Juni

Nilianza kuhamisha santuri stoo kabla sijaambiwa. Mama mkwe akanizuia mlangoni, akataka kusikia gramafoni yenyewe. Nikamweleza sindano imepinda. Akasema hata yeye mgongo umepinda na bado anaimba.

Nikafungua uzi. Balaa! Mwimbaji akakwama: nisubiri, nisubiri, nisubiri. Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe akacheka hadi akashika mbavu, akainuka, akausukuma mkono kwa kidole. Wimbo ukaruka mbele. Kipande kilichorukwa akakiimba mke wangu. Sikujua kama anakijua! Santuri ilipokwama tena akaenda shemeji kuusukuma mkono, simu yake kaiacha kwenye kiti. Tukageuza upande wa pili. Tukaweka nyingine. Mchana kutwa hakuna aliyeondoka sebuleni.

Shemeji mwenyewe kakiri kwamba kwenye simu hafiki mwisho wa wimbo, kidole kinamwasha kutafuta mwingine. Mama mkwe akatoa hukumu: gramafoni ibaki, spika iende jikoni, mke wangu aisikilize asubuhi akipika. Shemeji kanipa mkono. Mke wangu kaniuliza kwa nini sikuwaambia tangu mwanzo kwamba sindano imeharibika. Nimejifanya napangusa vumbi.

Naandika haya kwa uchungu. Nimeshinda kwa huruma! Kwa sindano kiwete! Hakuna hata mmoja aliyesema mlio ni bora. Wamefurahi tu. Kufurahi kunathibitisha nini?

Jumatatu, 10 Juni

Bosi aliisimamisha mashine kwa wakati. Mimi akanisimamisha mbele ya wafunga vitabu wote, nikasoma mwaka mzima kwa sauti, mwezi baada ya mwezi. Nilipoitamka Februari walipiga makofi.

Kisha akaniita ofisini, akafunga mlango. Nikajua kazi sina. Akauliza kwa sauti ya chini kwa nini Ijumaa kuna mama alimwita gramafoni. Nikaeleza kwamba nyumbani ninayo, nzima, inafanya kazi. Uso ukamlainika. Kumbe amelelewa na santuri, na ana miaka hajaisikia. Anataka kuja Jumamosi jioni na mkewe.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikafungua kinywa. Kikatoa: karibu sana, utasikia mlio safi kabisa.

Nimepita kwa fundi. Sindano bado. Haidhuru! Mlinzi kakubali kuniazima spika tena. Uzi safari hii mweusi, ule mweupe ulikuwa unang'aa. Na simu yangu haitahusika kamwe, nimeshajifunza. Nitatumia ya mke wangu. Anayempigia ni mama yake tu, naye Jumamosi jioni atakuwa safarini kurudi kwake.

Mtu aliye safarini atapiga simu ya nini?