Irudisheni Kazi ya Ndoa Ndani ya Seva

Ndugu Mkurugenzi Baqueiro,

Mimi, Fulgencio Canul, karani wa ofisi ya ndoa hapa Mérida, nakuandikia kwa heshima zote na tumbo tupu. Namshitaki fundi wetu wa kompyuta, Nidia Chablé.

Kama ujuavyo, kila adhuhuri kompyuta hukusanya maombi ya ndoa kwa mkupuo na kuwatumia wachumba tarehe zao. Kazi hiyo ilikaa ndani ya seva za Java, yaani kompyuta kuu zinazoendesha mfumo tunaoutumia sisi makarani. Nidia ameitoa nje, akaipa mashine yake peke yake. Madhara ni haya:

Kwanza, zamani ikianza tu, skrini zetu ziliganda. Tuliwaambia watu mfumo umelemewa, tukala bila haraka maharage na nyama ya nguruwe, chakula chetu cha kila Jumatatu. Sasa hakigandi kitu. Juzi nilikula nimesimama, mkono mmoja ukigonga mihuri.

Pili, seva hizo zilikuwa mbili, na kila moja iliifanya kazi ileile bila kuiuliza nyingine. Wachumba wakapata tarehe mbili. Hilo Nidia analiita kosa. Mimi naliita nafasi ya kufikiri. Aurelia Pech alikuja Jumanne na gauni lake. Mchumba wake, Leobardo, akaja Alhamisi na suti ya kuazima. Kila mmoja alirudi kwao akiamini ameachwa. Walipokutana mezani kwangu wiki iliyofuata, wakiwa wamekuja kufuta ombi, Aurelia alisema taratibu, "Nilikusubiri mpaka mama akaniambia nivue gauni."

Leobardo akajibu, "Na mimi nilijua umenikimbia. Suti nimeshairudisha."

Niliwafungisha ndoa palepale, bwana harusi na shati lake la kazini. Nani mwingine anawapima wachumba hivyo? Lakini Nidia, aliyesikia yote, alifuta machozi akaniambia, "Don Fulge, hii kazi inatoka humo leo." Ikatoka.

Tatu, na hili ndilo baya zaidi, siku hizi seva ikizimwa, kazi haifi nayo. Mfumo umelala, watu wanaendelea kuitwa kuoana! Tukienda hivi Mérida itaishiwa makapera, nasi tufunge ofisi.

Naomba irudishwe ndani mara moja. Nisalimie mama watoto, wakwe, na walinzi wa mlangoni.

Wako mtiifu, mwenye njaa,
Fulgencio Canul

N.B. Binti yangu Rosenda aliomba tarehe ya ndoa jana, na mchumba wake ni mtu wa kukata tamaa upesi. Tafadhali iacheni nje mpaka watie saini. Halafu wapo wadogo zake.